Ekseli ya Toroli

Mkono wa kulia wa Gershom ulikuwa inchi kumi na sita ukikunjwa. Najua kwa sababu nilimpima mwenyewe kwa tepu yangu ya ufundi, Krismasi ya mwaka 1957, aliponiletea kitambaa cheupe nimshonee shati la kwaya. Alipoondoka nikajipima na mimi. Inchi kumi, na hapo nimekaza ngumi na kushika pumzi.

Gershom alikuwa mume wa dada yangu Kadzo. Kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua meli kule Kilindini. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja Kisauni, na nililala katika chumba cha uani nyumbani kwake Mjambere, bila kodi. Hilo la bila kodi alimwambia kila aliyepita. Kati ya kitanda changu na chumba chao palikuwa na ukuta wa miti na udongo tu, kwa hiyo nilisikia yote. Kichwa cha mtu kikigonga mwimo wa mlango kina sauti ambayo ukishaisikia mara moja huhitaji kuelezwa tena.

Na asidhani mtu kwamba alikuwa mlevi. Laiti angekuwa mlevi! Alikuwa mtu wa kanisa, akiimba sauti nene ya chini, mtu wa kumbebea ajuza mzigo wake mpaka mlangoni. Watoto wa Mjambere walimpenda kwa sababu aliwarusha juu na kuwadaka. Alimpiga Kadzo akiwa na akili zake zote. Alimpiga kwa chumvi kuzidi, kwa kuchelewa kisimani, kwa kumjibu, na alipoacha kumjibu akampiga kwa kunyamaza.

Nilijitia kati mara moja tu, Machi ya mwaka uliofuata. Kadzo alikuwa na mimba ya miezi saba, na Gershom amemlaza chini, goti lake kifuani pa dada yangu. Nikamrukia mgongoni. Alisimama nami bado nimemng'ang'ania, akatoka nje hivyo hivyo kama mtu aliyevaa shuka, kisha akanivua na kunitupa kwenye pipa la maji. Meno yangu mawili ya mbele yalibaki kwenye ukingo wa pipa. Akachota maji kwa kata, akanipa nisukutue.

"Mlamu, usinilazimishe tena," aliniambia, kwa upole kabisa.

Kadzo alinijia asubuhi, jicho moja limefumba.

"Fondo, usiingie tena. Ukiingia aniongeza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma kuliko meno. Nikaapa kwamba nitakapoingia mara ya pili nitaingia nikiwa na mikono ya kutosha.

Njia ya kupata mikono hiyo niliipata kwenye karatasi ya njugu. Muuza njugu alikuwa akifungia njugu zake kurasa za magazeti ya Ulaya, na siku moja nikafungua pakiti nikamkuta mzungu kifua wazi, ameinua chuma juu ya kichwa, chuma kirefu chenye magurudumu mawili kama cha mchezo. Karatasi ilikuwa imechanwa hapo mbavuni. Miguu yake aliifanyia nini sikupata kujua, na ndiyo maana mpaka leo nina kifua cha mwanamume na miguu ya kuku.

Nikaanza kutafuta chuma. Mtu ambaye hajawahi kutafuta chuma cha kunyanyua, naye hana pesa, atadhani ni kazi ya asubuhi moja. Mimi ilinichukua miezi mitatu. Nilikuwa na tepu na nilikuwa na akili ya fundi, nikajua kwanza ninachotaka: kirefu kupita mabega yangu mara tatu, unene wa kuzungukwa na vidole mpaka kidole gumba kigusane na cha kati, na kimenyooka.

Kwanza niliutamani mtaimbo. Kwenye duka moja la vyuma kulikuwa na mmoja mpya, unang'aa kwa mafuta, na bei yake ilikuwa mshahara wangu wa wiki tatu. Mwenye duka, Mhindi mwenye miwani, akaniuliza nachimba nini.

"Sichimbi. Nataka kuunyanyua."

"Halafu?"

"Halafu nauteremsha."

Akauchukua mkononi mwangu akaurudisha pembeni. Hata hivyo sikuupenda. Mtaimbo una ncha upande mmoja na ubapa upande wa pili, na uzito wake haukai sawa. Ungenivuta bega moja chini.

Kisha nikapata bomba la maji. Fundi mmoja wa mabomba alikuwa na kipande kilichobaki kazini, akaniachia kwa bei ya kikombe cha chai na mahamri. Nikamimina saruji kwenye makopo mawili ya mafuta ya kupikia, nikachomeka bomba huku na huku, nikangoja saruji ikauke. Nililifurahia kwa siku nne. Jumamosi mchana Gershom akarudi kutoka kazini, akalikuta uani. Akaliinua kwa mkono mmoja, akaliangalia lilivyolegea katikati, akayagonga makopo kwenye jiwe mpaka yakachomoka. Halafu akaliweka bomba gotini na kulikunja. Sikumwona akikaza uso.

"Hili ni la kupitishia maji, mlamu," akasema, akilitupa mlangoni pa jiko. "Si la kujengea mtu."

Ulimi wangu ulikuwa kwenye pengo la meno.

"Wataka kunipiga," akasema. "Usinidanganye, macho yako nayaona. Haya, mwanamume ana ruhusa ya kutaka. Lakini usije kunipiga kwa mikono iliyolelewa na bomba, utaniaibisha mbele ya watu." Akacheka, kicheko chake kile cha kupendeza. "Nenda Changamwe kwa Kazungu wa vyuma vikuukuu, nyuma ya stesheni. Mwulize ekseli ya toroli, zile toroli za kukagulia reli. Ina magurudumu yake, uzito sawa huku na huku, haipindi hata ukiiangushia nyumba. Na kwa kuwa haina kazi nyingine, atakupa karibu na bure."

Nimechukia watu wengi maishani. Sijamchukia mtu kama nilivyomchukia Gershom kwa kuwa na haki katika jambo la chuma.

Maana nilikwenda, na ilikuwa vile vile. Kazungu alikuwa nazo tatu, zimelala kwenye majani. Mimi nikaenda kwenye ile isiyo na kutu nyingi, akanicheka.

"Kutu ni nguo tu. Bingirisha!"

Tukaziviringisha moja moja kwenye sakafu ya saruji. Ya kwanza ilikwenda ikichechemea, kumbe imepinda ndani kwa ndani. Ya pili gurudumu lilikuwa na ufa. Ya tatu, yenye kutu mbaya kuliko zote, ilikwenda moja kwa moja mpaka ukutani bila kutikisika. Ratili mia na thelathini, Kazungu aliniambia. Bei yake ilikuwa chini ya shati moja la mikono mifupi, na mkokoteni wa kuivusha kisiwani na darajani ukanigharimu kuliko yenyewe.

Gershom alikuwa akinisubiri pale mkokoteni ulipokomea, kwenye mchanga. Aliikagua, akapapasa kutu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikainama kuishika upande wangu, naye akanizuia.

"Bandarini hatunyanyui kimya. Mkinyanyua kimya kila mtu anyanyua kwa saa yake, na mmoja atavunjika mgongo. Mmoja aita, wenziwe waitikia. Mzigo wapanda kwenye kuitikia, si kabla. Wasikia? Haraambee!"

Nikaona haya.

"Itikia, mlamu! Haraambee!"

"Mbee," nikasema, na ekseli ikapanda mabegani kana kwamba haikuwa na uzito.

Yeye mbele, mimi nyuma, tukaingia Mjambere. Njia nzima niliiangalia shingo yake, inchi kumi na saba na nusu, jasho likishuka kwenye kola. Watu walisimama kututazama. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilifurahi. Tulikuwa watu wawili na mzigo mmoja, na kwa mwendo ule mfupi nilisahau nilikuwa naibeba ekseli ile kwa ajili gani.

Nikaanza kunyanyua kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Kwanza mpaka magotini, baada ya mwezi mpaka kiunoni, baada ya miezi mitano mpaka kifuani. Niliita kama alivyonifundisha, maana kweli bila kuita haikupanda. "Haraambee!" Na kutoka ndani, mdomo umejaa chai au povu la sabuni ya kunyolea, Gershom aliitikia, "Mbee!" Hakuwa akinidhihaki. Hakuweza kujizuia. Alikuwa na miaka kumi na miwili bandarini, na neno lile likiitwa, kinywa chake kilijibu chenyewe. Siku moja niliita akiwa chooni, akajibu kutoka chooni.

"Nyinyi mwatuamsha na bandari yenu," jirani yetu Mwanabibi alilalama kutoka upande wa pili wa ua wa makuti. Alikuwa mama mtu mzima wa Kidigo, mjane, akiuza mikate ya sinia, na sauti zote za nyumba ile alizisikia kama nilivyozisikia mimi. "Mwaitana asubuhi kama ndugu, na jioni mwapigana. Mambo gani haya?"

Kila Jumapili nilijipima. Inchi kumi na moja. Kumi na mbili kasoro. Pale barazani nikaanza kujigamba mbele ya mafundi wenzangu: siku nitakapoiweka ile ekseli juu ya kichwa, mikono imenyooka, ndiyo siku ya Gershom. Walicheka, wakanisogezea chai, wakanitaka nikunje mkono. Habari zikazagaa. Mjambere nzima ilijua ekseli ya Fondo ni ya nini.

Na huku Kadzo alikuwa akipigwa. Mtoto alizaliwa, msichana, akaitwa Mapenzi, na wiki haikwisha tangu arobaini yake Kadzo akapigwa kwa sababu mtoto alilia. Mimi nikiwa uani, nahesabu. Siku moja alikuja kuanika nguo, akanikuta nimekaa juu ya ekseli nafuta jasho. Mdomo wake ulikuwa umepasuka.

"Kwani hicho chuma chako kitakwisha lini, Fondo?"

Nikamwambia bado kidogo. Kila nilipofika inchi niliyojiwekea, nilijiwekea nyingine. Nilikuwa namwogopa mtu yule, basi, na ekseli ilinipa pa kuuweka woga wangu ukaonekana kazi.

Ikafika Oktoba 1959. Jumapili moja nilikuwa dukani namalizia gauni la harusi, nikarudi alasiri. Nyumba ilikuwa kimya, na kwangu kimya cha nyumba ile hakikuwa habari njema. Nikaingia.

Kadzo alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko na mfupa umetokeza. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika lile bomba langu lililokunjwa, ambalo siku zote lilikaa nyuma ya mlango wa jiko kuzuia mbuzi. Gershom alikuwa kifudifudi karibu naye, na lile shati la kwaya nililomshonea limelowa damu kutoka nyuma ya sikio mpaka kwenye mshono wa bega. Mapenzi alikuwa chini ya kitanda, analia bila sauti.

"Alimshika mtoto mguu," Kadzo akasema. "Alimwinua kichwa chini. Akasema atambamiza ukutani anyamaze." Akaliangalia bomba. "Nimempiga mara tatu. Ya kwanza aligeuka akanitazama."

Nikamsukuma Gershom kwa mguu. Hakutikisika. Nikamsukuma tena kwa nguvu. Hakuna kitu.

"Wataninyonga, Fondo."

Nilijua hivyo. Mwaka ule serikali ilikuwa ya Waingereza na kamba ilikuwa yao, na mwanamke aliyemvunja mumewe kichwa kwa nyuma asingepata wa kumsikiliza. Sikuwa na wazo jingine lolote isipokuwa hilo: Kadzo asinyongwe.

"Nipe bomba," nikamwambia. "Mchukue mtoto, nenda kwa mama. Alikupiga, ukakimbia. Ulipopita mlangoni ukanikuta naingia. Zaidi ya hapo hujui kitu. Wasikia?"

"Na wewe?"

"Una mtoto wewe. Nenda!"

Akasimama kwa kujivuta ukutani. Mapenzi akatambaa kutoka uvunguni, akanyanyua mikono abebwe. Alikuwa na mwaka na miezi mitano. Kadzo akautazama mkono wake wa kulia, ule mzima, uliokuwa na damu mpaka kwenye kifundo, kisha akauficha nyuma ya leso.

"Tembea, mwanangu," akamwambia.

Wakatoka hivyo, mtoto ameshika pindo la leso.

Bomba nikalitumbukiza kwenye choo cha shimo. Halafu nikasimama uani nikiitazama ekseli. Majeraha yale matatu yalikuwa membamba, ya bomba, na yeyote angeyaona angeuliza nani apigana kwa bomba. Lakini kama ekseli ya Fondo ingekutwa juu yake, hakuna mtu Mjambere ambaye angeuliza swali. Nilikuwa nimewajibu wote mapema, kwa mdomo wangu, kwa zaidi ya mwaka. Nikaiviringisha mpaka ndani. Ilikwenda moja kwa moja, bila kutikisika.

Nikasimama kichwani pa Gershom, nikapanua miguu, nikaishika. Sikuwa nimewahi kuifikisha juu ya kichwa. Nikavuta pumzi, na kwa mazoea tu, kwa sababu sikujua kunyanyua kwa namna nyingine, nikaita:

"Haraambee!"

"Mbee," ikasema sakafu.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mdomo uliojaa vumbi. Lakini ilikuwa yake, na ekseli ilipanda juu ya sauti hiyo kama alivyonifundisha. Ilipita kifua, ikapita uso, ikasimama juu. Mikono yangu ilikuwa imenyooka wala haikutetemeka.

Nataka jambo hili lieleweke. Palikuwa na nafasi ya kuiweka kando. Sakafu ilikuwa tupu kulia na kushoto. Sikuteleza, wala sikuchoka. Ningeweza kusimama nayo pale nikasoma sala yote ya Baba Yetu. Nilimwona akijaribu kugeuza shavu. Nilifikiri kwamba akiinuka atamwua Kadzo, na hilo ni kweli nililifikiri, lakini lilikuja la pili. La kwanza nililofikiri ni pipa la maji na meno yangu.

Nikaiangusha. Ilimwangukia kwa gurudumu la kushoto, hapo hapo kwenye sikio. Mguu wake mmoja ulipiga sakafu mara nne au tano kisha ukaacha. Nikaketi kando yake nikingoja watu waje.

Mahakamani Kadzo alikaa nje na mashahidi wengine, mkono umefungwa plasta, mpaka zamu yake ilipofika. Kwa hiyo hakumsikia Mwanabibi. Mwanabibi aliapa kwa Msahafu, akasimama kizimbani na buibui lake, akaulizwa alisikia nini alasiri ile.

"N'lisikia haraambee," akasema. "N'kasikia mbee. Kisha n'kasikia kishindo."

Mkalimani alikuwa kijana wa bara, mwenye Kiingereza kizuri na viatu vizuri zaidi. Akamgeukia jaji akasema kwamba shahidi alisikia mshtakiwa akipiga ukelele, "Harambee." Karani akaandika neno moja. Hawakujua, hao watu, kwamba anayeita haitikii mwenyewe. Jaji hakujua. Wazee watatu wa baraza waliokaa na jaji walitoka mbali na bahari, nao hawakujua. Mwanabibi alijua. Alinitazama, akangoja aulizwe tena, na hakuna aliyemwuliza. Nami nikayatazama magoti yangu.

Daktari akaeleza mkono wa Kadzo na mbavu zake za zamani. Mafundi wenzangu wakasema nilikuwa mtu wa majigambo tu. Askari wawili wakaileta ekseli kama ushahidi, ikawashinda mlangoni, na mahakama ikacheka. Jaji akasema nilimkuta mlamu wangu katika kumjeruhi dada yangu, nikapandwa na hasira, nikaua bila kukusudia. Miaka saba na kazi ngumu.

Kazi ngumu ilikuwa kuponda kokoto. Haikunishinda, mikono nilikuwa nayo. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi Kadzo alikuja, amebeba bakuli la mihogo ya nazi kwenye mkono wa kushoto, ule uliounga vibaya. Mapenzi alikuja naye, akitembea nyuma ameshika pindo la leso. Hakuwahi kushika mkono. Sikuelewa mapema, mpaka siku moja mtoto alipojikwaa kwenye kizingiti akaanguka na kulia, na Kadzo akasimama juu yake, mikono ameificha, akisema, "Inuka, mama, inuka," na askari ndiye aliyeinama kumnyanyua.

"Anasukwa na nani?" nikauliza.

"Na Mwanabibi. Amwogesha pia." Akaikunja ile mikono ndani ya leso. "Mkono huu umeua babake, Fondo. N'tamshika nao vipi?"

Kisha akanishika vidole juu ya meza, akaniambia kama alivyoniambia kila mwezi, "Umenibebea, ndugu yangu. Umenibebea mzigo wangu." Nami nikala mihogo. Ilikuwa tamu. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile maishani, mimi mwenye miguu ya kuku, na nilitaka kuendelea kutazamwa. Miezi arobaini na kitu nilimsikia akisema maneno yale, na kila mwezi niliyapokea.

Mwaka 1963 neno likatoka bandarini likaingia kila mahali. Viongozi walilisema kwenye mikutano, redio ya askari ililisema, malori yaliyojaa vijana yalipita nje ya ukuta yakililia. Na sisi wafungwa tukalichukua. Mmoja aliita juu ya rundo la kokoto, "Haraambee!" na watu mia wakaitikia, "Mbee!" wakacheka kwa furaha, maana Uhuru ulikuwa unakuja. Mimi nilikuwa natapika. Niliambiwa ni jua.

Novemba bwana jela akaniita, akasema kwa tabia yangu njema nitakuwa miongoni mwa watakaotoka kabla ya sikukuu. Jumapili ile Kadzo alikuja amevaa leso mpya. Aliketi ng'ambo ya meza, uso umejaa furaha.

"Chumba chako nimekipaka chokaa," akasema. "Utakaa nami. N'takupikia mpaka n'fe. Mapenzi nimempa Mwanabibi moja kwa moja, amlee yeye, amezoea. Ni bora kwake."

Mtoto alikuwa mlangoni, karibu na askari, akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Alikuwa na miaka mitano na nusu. Alilisikia jina lake akainua kichwa, kisha akarudi kuchora.

"Kadzo," nikasema, "Gershom aliitikia."

"Nini?"

"Niliinyanyua ekseli nikaita. Kwa mazoea. Naye akaitikia. Alisema mbee."

Alinikodolea macho. Alikuwa amezisikia asubuhi zote zile, yeye hakuhitaji mkalimani.

"Alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima. Akajaribu kugeuka. Nikamwona, nikaiangusha. Wewe hukuua mtu. Nilikuwa najua tangu siku ile."

Mikono yake ilitoka ndani ya leso, yote miwili, ikalala mezani, akaitazama. Kisha ule wa kulia ukainuka ukanizaba kofi. Nimepigwa na Gershom na nimepigwa na askari jela, na sijapata kupigwa vile. Lilinigeuza shingo, likanijaza damu mdomoni, na dada yangu, aliyepigwa miaka yote bila kuinua kidole mpaka siku ile moja, akanizaba la pili juu ya lile la kwanza.

"Miaka minne!" akasema. "Mwanangu, miaka minne!"

Askari akaja mbio, lakini Kadzo alikuwa amekwisha simama. Bakuli lilikuwa limepinduka, mihogo imemwagika. Hakuliokota. Alikwenda mlangoni, akapiga magoti mbele ya mtoto, na Mapenzi kwa mazoea akatafuta pindo la leso. Kadzo akautoa mkono wa mtoto kwenye leso. Akampitisha mikono kwapani, ule mzima na ule uliopinda, akamwinua. Mtoto alikuwa mzito, mrefu, miguu ikamning'inia mpaka magotini pa mamake. Kadzo akayumba, akasimama sawa, akaondoka naye kwenye jua bila kugeuka nyuma.

"Mtoto mkubwa vile yuabebwa?" askari akasema, akinipa kitambaa nijifute mdomo.